MJADALA: Je, mfugaji ndiye aliyevamia Serengeti na Ngorongoro?

Wakuu, tangu watu waanze kuhamishwa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, mwaka 2022, kila tukijadili hakosi wa kusema lile ni pori la asili na mfugaji ni mvamizi tu. Mimi napinga. Pori hilo lina historia ya maradhi, na maradhi yenyewe yaliletwa.

Sotoka, ugonjwa wa kuambukiza unaoua ng'ombe na wanyamapori kama nyumbu, haikuwepo huku kwetu. Iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 na ng'ombe walioshushwa bandari ya Massawa, Eritrea, kulisha jeshi la Italia, na kufikia 1891 ilikuwa imeshafika Umasaini. Ng'ombe anatoka machozi na makamasi, mdomo unajaa vidonda, anaharisha mpaka anaanguka. Wengi mno walikufa, inakadiriwa tisa katika kila kumi. Ndui ikawakuta watu wakiwa tayari na njaa. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa, moran (vijana wapiganaji) waliotambaa, na wazazi waliotaka kumpa watoto wao ili wapate nyama kidogo.

Sasa fikirieni jamii ambayo mahari, fidia, matambiko na undugu vyote vinapita kwa ng'ombe. Kijana ataoa kwa mahari gani? Wengine walikimbilia kwa Wakikuyu na kuwaacha watoto huko ili wapate chakula. Huku Lenana na Sendeu wakigombea urithi wa baba yao Mbatian, laibon (kiongozi wa matambiko) wa Wamasai, wakoloni wakaikuta nchi haina wa kuwazuia.

Malisho yaliyokosa ng'ombe na moto wa wafugaji yakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o ni malale. Halafu Serengeti ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai wakatolewa kabisa. Karibuni, hasa mnaopinga.

MCHANGIAJI: Mleta mada, kwenye sotoka nakuunga mkono, ila umeishia njiani. Nani aliitokomeza? Chanjo ya Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza, ilitengenezwa Muguga, Kenya, enzi hizo hizo za mkoloni, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa haina sotoka tena. Hata nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, walivuka milioni baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa. Ukihesabu hasara, hesabu na faida.

MLETA MADA: Mkuu, chanjo ile naiheshimu sana, na hoja yako ya nyumbu ni kweli tupu. Lakini angalia, inathibitisha kwamba ng'ombe mzima na nyumbu hawana ugomvi. Aliyewaua wote wawili ni sotoka. Isitoshe, chanjo ilikuja karibu miaka 70 baada ya msiba, ardhi imeshaondoka. Upande wa Kenya, mkataba wa 1904 uliwatoa Wamasai Bonde la Ufa na kuwaahidi Laikipia maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa na huko. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani. Kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mamlaka mbili, Waingereza na Wamasai, kwa hiyo mahakama ya koloni haina mamlaka ya kuisikiliza.