Ndege wahamaji kwenye mashamba yaliyotuama maji: dimbwi lipi linafaa?

Swali
Wakuu, msimu wa ndege wahamaji umefika na mvua imeacha madimbwi mashambani. Nitajuaje dimbwi la kukalia na la kupita? Halafu chamchanga, hawa ndege wenye mdomo mrefu wanaochokoa tope, naona wote ni walewale, nawatofautishaje?

Jibu la 1
Tazama kina kwanza, ukubwa baadaye. Chamchanga wadogo hula penye maji yenye kina kisichozidi sentimita 4 au 5. Yakizidi sana hapo utakuta zaidi bata. Tafuta ukingo wa tope tupu, shamba lililolimwa karibuni au lenye mabua mafupi. Majani yakiwapita urefu hawatui, kwani hawamwoni adui akinyemelea. Na wahi! Waliolazimishwa na mvua kutua huondoka anga ikifunguka, mara nyingi jioni hiyohiyo. Ukisubiri mwisho wa wiki utakuta tope limepasuka.

Jibu la 2
Naongezea. Jua liwe mgongoni mwako, la sivyo utaona vivuli vyeusi tu. Kama barabara iko karibu, kaa ndani ya gari. Wanamhofia zaidi mtu aliyesimama wima. Jua likipanda, mazigazi huchezesha picha: darubini iliyo kwenye mara 40 ishushe hadi 20, itatulia kiasi.

Wakiacha kula na kuinua vichwa kwa pamoja, umeshasogea mno. Rudi nyuma taratibu. Kila wanaporushwa wanachoma mafuta waliyoyaweka kwa safari, na hilo ni kosa letu. Ruhusa ya mwenye shamba ni lazima, na usikanyage ndani: udongo uliolowa hushindiliwa, miche ikateseka.

Jibu la 3
Kuhusu kuwatofautisha, anza na hawa wawili wanaochanganya wengi, *Tringa glareola* na *Tringa ochropus* (natumia majina ya kisayansi ya aina za chamchanga). Subiri waruke utazame chini ya bawa: *glareola* ni kijivu hafifu, *ochropus* ni karibu cheusi. Ukiona madoa mawili meupe ya mviringo kando ya mkia, huyo ni *Calidris pugnax*. Weupe uliopanda mgongoni kama kabari, huenda ni *Tringa nebularia*.

Muulizaji
Asante sana. Na hao wawili wa mwanzo wakiwa wametulia?

Jibu la 3
Tazama nyusi, yaani mstari ulio juu ya jicho. Ya *glareola* ni nyeupe, ndefu, inapita nyuma ya jicho. Ya *ochropus* inaishia jichoni. Rangi ya miguu usiitegemee shambani, tope huifunika.