Zipu yenye nywila: naikaguaje bila kuifungua?

Mhasibu_Mpole: Wakuu, habari. Nimeletewa barua pepe ya "ankara" na mtu nisiyemjua. Kiambatisho ni zipu, nywila imeandikwa kwenye barua yenyewe. Antivirusi imekaa kimya. Ina maana ni salama?

fundi_waya: Hapana. Nywila iko pale makusudi: antivirusi haiwezi kusoma ndani ya zipu iliyofungwa, ndiyo maana imenyamaza. Mimi ankara inayokuja na ufunguo wake naishuku hata kabla sijaona jina la mtumaji.

Usibofye. Hifadhi faili, kisha kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) andika `certutil -hashfile ankara.zip SHA256`. Tarakimu na herufi 64 utakazopata ni alama ya faili hilo; zitafute VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kwa antivirusi nyingi. Usipakie faili lenyewe kama huenda lina siri za wateja. Wanaolipia huduma ile wanaweza kulipakua.

Mhasibu_Mpole: Nimetafuta, hakuna matokeo. Nishukuru?

fundi_waya: Bado, ndugu. Ina maana tu hakuna aliyewahi kulipeleka pale. Wahuni hubadilisha baiti moja na alama yote inageuka.

Kivuli: Naongezea: ukilazimika kulifungua, tumia mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) iliyokatwa mtandao, bila folda ya pamoja na kompyuta yako. Na uwashe uonyeshaji wa viendelezi vya majina, yaani herufi za mwisho baada ya nukta. Programu hasidi ya ILOVEYOU ya mwaka 2000 ilijiita .TXT (maandishi tu) huku mwisho wake ni .vbs (programu), na Windows ikauficha.

fundi_waya: Au mpigie anayedaiwa kuituma, kwa namba uliyonayo tangu zamani, si ile ya kwenye barua.