Kozi ya skii ya siku tano, nilipie au niachane nayo?

Mteleza_Mbezi:
Habari za jioni wakuu. Naandika hapa feni iko namba tano na jasho bado linatiririka halafu nauliza mambo ya kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa kwenye buti, mnisamehe.

Dada yangu ameolewa Austria, yuko Innsbruck, na tangu nianze kwenda kumsalimia nimeteleza misimu mitatu, jumla kama siku kumi na nne hivi. Mwaka wa kwanza niliwekwa darasa moja na watoto wa miaka mitano wakawa wananipita huku wanaimba. Sa hivi njia za bluu, zile rahisi, nashuka freshi tu, tatizo ni nyekundu, zile za kati. Nikianza naanza vizuri, skii zimelala sambamba, lakini mteremko ukiwa mkali kidogo tu narudi kwenye pizza, yaani ncha za mbele zinakutana na nyuma zinapanuka ili nisiende kasi, mapaja yanawaka moto, kila baada ya mita hamsini nasimama pembeni najifanya naangalia mandhari.

Februari naenda tena wiki mbili. Nimeona kozi ya watu wa kati kama mimi, siku tano, saa tano kwa siku, kikundi cha watu sita, wanakurekodi video halafu jioni mnaangalia pamoja. Bei yake imekaribia tiketi yangu ya ndege kwenda na kurudi! Mama watoto anasema hela hiyo imalizie fensi ya Kigamboni na sina cha kumjibu. Swali langu, kuna mtu kashapiga hizi kozi za mfululizo, zinasaidia kweli au niendelee kujiteleza mwenyewe itakuja tu? Nina miaka 41 na goti la kushoto liliwahi kuvimba kwenye bonanza la ofisini.

Babu_Kijiwe:
Fensi kwanza mkuu. Theluji haihamishi mipaka ya kiwanja.

Jikoni_Uswisi:
Babu umeniua 😂

Mteleza, mi nimepika hotelini Uswisi misimu miwili, saa zangu za mchana zote ziliishia mlimani, kwa hiyo ngoja nikwambie ninachokijua. Hiyo ya kwamba "itakuja tu" haiji. Mimi nilikaa kwenye hatua yako msimu mzima, kila siku naenda na kila siku narudia kosa lile lile mpaka likawa tabia. Na kosa lenyewe karibu wote ni moja, ukiogopa unakaa nyuma. Mwili unataka kuukimbia mteremko unaegemea mlima, uzito unaenda kisiginoni, ncha za mbele zinabaki nyepesi hazishiki theluji, sasa skii isiyoshika mbele utaigeuzaje? Ndo unaona unaenda kasi, unapiga pizza. Na mapaja kuwaka ni kwa sababu hiyo hiyo, umechuchumaa kutwa nzima. Mguu unatakiwa ugandamize ulimi wa buti kwa mbele, yaani ugoko usikie buti muda wote, na ukikata kona uzito uende kwenye skii ya nje ya kona. Kusema rahisi, ila ukiwa juu kule mwili haukusikii.

Ndo maana mimi video naiunga mkono kuliko kitu kingine chochote kwenye hiyo kozi. Nilikuwa naamini nateleza kama wale wa Olimpiki, siku nimerekodiwa nikajiona nimekaa kama mtu yuko choo cha shimo. Niliona aibu, lakini kesho yake nilisimama.

Shida ya kozi za mfululizo ni miguu. Siku ya tatu mchana miguu inakufa, na ukichoka hujifunzi tena, unajiokoa tu. Kwa hiyo waandikie uwaulize wanapangaje vikundi, wanawaangalia mkiteleza asubuhi ya kwanza au wanaamini tu ulichojaza kwenye fomu? Ukikuta kikundi kimekuzidi unahamishwa? Na kuna ya nusu siku? Mwalimu mzuri atakurudisha kwenye bluu siku mbili nzima, usione umedharauliwa, kule ndo unabadilisha tabia kwa sababu hofu haipo. Halafu usianze kozi siku ya kwanza. Teleza mwenyewe siku mbili miguu ikumbuke, ingia kozi, na ubakize siku za kufanyia mazoezi ulichofundishwa, ukimaliza kozi leo ukapanda ndege kesho nusu yake unaiacha uwanja wa ndege.

Na buti je? Za kukodi?

Mteleza_Mbezi:
Za kukodi mkuu, na kisigino kinanyanyuka kidogo ndani.

Jikoni_Uswisi:
Basi umejijibu nusu ya swali. Skii kodi, buti nunua. Kisigino kikicheza, mguu unageuka ndani ya buti na skii inabaki inashangaa.

DadaViungo:
Kaka mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, skii sijawahi kuiona kwa macho ila magoti nayaona kila siku. Kuteremka kunafanyisha paja kazi ya kubana huku linarefuka, sawasawa na kushuka ngazi. Hivyo kukimbia mchanga wa Coco asubuhi ni kuzuri lakini hakutoshi. Tafuta jengo la ghorofa, panda kwa lifti ushuke kwa miguu taratibu (watu watakuona chizi, zoea), na egemea ukuta kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, anza sekunde thelathini. Anza miezi mitatu kabla, sio wiki ya kufunga begi. Hilo goti likaangaliwe kwanza, kama lina mshipa uliolegea kozi ya saa tano kwa siku sikushauri kabisa.

Dukani unakokodi watakuuliza uzito, urefu, umri na uwezo wako. Usidanganye! Vile vifungo vinavyoshika buti vinapangwa kwa hizo taarifa ili ukianguka skii ichomoke kabla goti halijazunguka. Na bima ya viza ya Schengen, ile ya kuanzia euro 30,000, isome vizuri, nyingi michezo ya theluji haimo mpaka uongeze hela.

Mzigo_Dubai:
Mbona mnaenda mbali, mi nikifuata mzigo Dubai napita pale Mall of the Emirates, kuna theluji ya ndani tangu 2005, njia ndefu ina kama mita 400. Unapiga masaa mawili jioni unarudi kufunga makontena. Yule Mghana aliyeshiriki Olimpiki ya Vancouver 2010, Kwame Nkrumah-Acheampong, alijifunzia ukumbi wa ndani huko Uingereza. Halafu Lesotho kuna Afriski, juu ya mita 3,000, msimu wao ni huu wa kwetu wa baridi, Juni mpaka Agosti, na ni hapa hapa SADC.

Babu_Kijiwe:
Na Mkenya Philip Boit, Nagano 1998, aliyemaliza wa mwisho mpaka bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Mteleza nawe dada yako atakusubiri.

Jikoni_Uswisi:
Boit alikuwa ile ya tambarare babu, kule unasukuma kwa mikono na mapafu, ni kitu kingine. Ila Dubai sio wazo baya, mita 400 inaisha kabla hujapumua lakini kwa kurekebisha kitu kimoja tu, mfano ugoko mbele, inatosha sana.

Mteleza_Mbezi:
Wakuu mrejesho. Niliwaandikia, wakajibu vikundi vinapangwa asubuhi ya kwanza baada ya kutuona, na ya nusu siku ipo, asubuhi tu, siku tano, video imo. Bei imeshuka vizuri tu, inayobaki naweka kwenye buti. Nitaanza kozi siku ya tatu ya safari kama ulivyosema Jikoni. DadaViungo ngazi nimeanza juzi, ghorofa nane, jana nilishindwa kuingia kwenye daladala. Mama watoto kakubali kwa masharti, upande wa barabarani wa fensi uishe kabla ya Januari.

Na koti sinunui kule, nimepata Karume la skii kabisa, mtumba, kijani kibichi, zipu inafunga mpaka puani, tiketi ya mtu ya lifti ya kupandia mlimani bado inaning'inia kwenye zipu. Muuzaji alikuwa amekaa nalo muda mrefu, nani avae lile Dar, kanipa kwa bei ya fulana mbili.

Babu_Kijiwe:
Amebaki na lingine? Nataka la kuvaa kwenye basi la usiku la Mbeya.