Kuvua mshipi na watoto Lamu likizo ya Disemba: nipange vipi siku iwafurahishe wote?

Baba Watatu

Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, lakini kazi imeniweka Nairobi kwa muda mrefu, na wanangu wanaijua bahari kwa kuitazama zaidi kuliko kwa kuiingia. Likizo ya Disemba tunarudi kwa bibi yao, nami nimekwisha kuwaahidi kuwa nitawapeleka kuvua. Mkubwa ana miaka 13, wa kati 9 na mdogo 6. Mke wangu atakuwamo, ingawa bahari humlevya upesi, na mama yangu ametangaza kwamba hatabaki nyumbani akilinda mlango ilhali watu wamekwenda kupunga upepo.

Sitafuti samaki wa kuuza, wala sina haja ya nguru wa kupigiwa picha. Ninachotaka ni siku ambayo watoto wataomba irudiwe. Binamu yangu anashauri tukodi mashua ya mashine, tutoke nje ya mwamba tangu alfajiri hadi alasiri, tukokote chambo kutafuta jodari na kolekole. Mke wangu anasema saa zote hizo kwa mtoto wa miaka 6 ni kifungo. Naomba wenye uzoefu wa Lamu wanisaidie: twende wapi, maji yakiwa vipi, na tubebe zana gani zinazofaa mikono midogo?

Nahodha wa Shela

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Katika jambo hili mkeo ana haki, na binamu yako amekupangia safari yake mwenyewe. Kukokota chambo nje ya mwamba ni uvuvi wa kungoja: mashua inanguruma, moshi wa mashine unarudi usoni, na mtoto anakaa akitazama mgongo wa baharia. Samaki akishika, huwa ni mkubwa mno kwa mtoto, kwa hiyo mtu mzima humpokonya mshipi wakati uleule ambao utamu umefika.

Anza kwa kuchagua maji, mahali patafuata. Tazama mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa sana, na mkondo wa kati ya Amu (kisiwa chenu cha Lamu) na kisiwa jirani cha Manda huwa na nguvu kiasi kwamba chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ikiwa ndogo haifiki chini, bali mshipi hulala juu ya maji kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu mzima ataongeza risasi na kuendelea, lakini mtoto hatahisi kitu. Subiri maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, mnamo tarehe 8 au 9, au 23 na 24, kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo mkondo huwa mpole, na jambo jingine linalowafaa wenye watoto ni kwamba maji hujaa katikati ya asubuhi. Siku za bamvua huwa kinyume: maji hujaa alfajiri na alasiri, na mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao watoto wamekwisha kunywa chai na wana nguvu zao zote, bahari imekupwa na mashua inagusa mchanga. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo usiniulize leo saa ya kuondoka; uliza kwa nahodha wako jioni ya kuamkia safari.

Kuhusu mahali, usitoke nje kabisa. Ondokeni mapema, kwa maana upepo wa kaskazi wa Disemba huongeza nguvu kadiri jua linavyopanda, na tieni nanga upande wa Manda, kandokando ya mikoko, pale ambapo mikono ya bahari inaingia ndani ya kisiwa. Huko mtapata changu wadogo, chaa, mkundaji, na pengine chewa wa kiasi cha kiganja. Kwa jicho la mvuvi hao si samaki wa kusimuliwa, lakini hushika mara kwa mara, na mtoto anahesabu mara alizoshikiwa, hapimi uzito. Mdomo wa mkono wa Takwa unafaa sana, ila msichanganye uvuvi na kuzuru magofu ya mji wa kale wa Takwa siku hiyo hiyo, kwa sababu njia ile ya mikokoni haipitiki isipokuwa maji yamejaa, na asiyetoka mapema hulala na mbu. Magofu yatengeeni siku yao.

Mshipi uwe wa mkono, uliozungushwa juu ya kipande cha ubao au chupa tupu ya plastiki. Fimbo za kuvulia zenye mashine ya kukunjia zinapendeza, lakini watoto watatu wenye fimbo tatu ndani ya mashua moja watakupa kazi ya kufungua mafundo hadi magharibi. Usiwape nailoni nyembamba, kwa kuwa hukata vidole. Iwe nene kidogo, na uwakataze kabisa kuizungusha mkononi. Ndoana iwe ndogo, na kabla ya safari chukua koleo ukilaze kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke. Mtapoteza samaki wawili watatu, lakini ndoana ikimchoma mtoto itatoka kwa urahisi kama ilivyoingia. Chambo kiwe ngisi aliyekatwa vipande vyembamba. Kamba ni mtamu zaidi kwa samaki, lakini nyama yake ni laini na huibwa upesi, nawe utashinda ukiwavalisha ndoana wote watatu.

Kisha mfundishe kila mmoja kuupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, chubwi ikiwa imegusa chini na kuinuliwa kidogo, na kungoja. Changu hudonoa kwanza, tik, tik, mara mbili au tatu, kisha huvuta. Mwambie asivute anapodonolewa, avute anapovutwa. Mtoto akishaelewa tofauti hiyo kwa kidole chake, huhitaji tena kumchangamsha.

Mshipi Mrefu

Naheshimu maneno ya Nahodha, lakini naona tunawadekeza watoto kupita kiasi. Sisi tulipelekwa baharini tukiwa wadogo, tukakaa kimya, tukachota maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, na hakuna aliyetuuliza kama tunafurahi. Huyo wa miaka 13 si mtoto mchanga. Mkimfunga mikokoni akivua chaa pamoja na mdogo wake, ataona haya. Mchukue siku yake peke yake, wewe na yeye na nahodha, mtoke nje ya mwamba asubuhi bahari ikiwa shwari, akutane na kolekole wa kweli ajue nguvu ya samaki ni nini. Na awaachie wadogo changu wao.

Mama wa Mkomani

Kaka Mshipi Mrefu, ulipelekwa baharini kufundishwa kazi, na kazi haiulizi furaha. Baba Watatu hataki wavuvi, anataka watoto wake waipende bahari ya kwao. Hata hivyo, juu ya mkubwa nakubaliana nawe, na ningeongeza kwamba siku ya wote apewe dhamana: yeye ndiye akate chambo, awatoe samaki ndoanani, na aamue yupi ni mdogo mno arudishwe majini. Mtoto wa umri huo akipewa cheo huacha kununa.

Sasa niseme ambayo wanaume hawakuyataja. Jambo la kwanza ni jaketi la kuokolea maisha. Mashua nyingi zina ya watu wazima tu, kwa hiyo nenda gatini siku moja kabla ukiwa na watoto wako, umvalishe kila mmoja, kisha ulishike mabegani na ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, halimfai, hata kama mwenye mashua ataapa. Akikosa ya watoto, tafuta mashua nyingine, na usione haya kumwambia sababu.

Pili, mkeo. Anayelevywa na bahari huumia zaidi mashua ikiwa imetia nanga na kuyumba kuliko inapokwenda, na huumia zaidi akiinamisha kichwa. Mketishe katikati, mbali na harufu ya petroli, atazame mbali ufukweni, ale kitu chepesi kabla ya kuondoka, na apewe tangawizi. Usimpe kazi ya kukata ngisi. Vilevile mkubaliane na nahodha tangu mwanzo kwamba neno la mkeo la kurudi halijadiliwi. Nimeona safari zikiharibika kwa sababu ya nusu saa ya "hebu tungoje kidogo".

Tatu, miiba. Tafi ni samaki mzuri wa kuliwa lakini miiba yake ina sumu, na ngogo, yule kambare wa baharini, ndiye mbaya zaidi. Watoto wasimshike samaki yeyote kabla mtu mzima hajamtambua. Akichomwa, tia mkono au mguu katika maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili, kwa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto huituliza sumu hiyo. Yajaribu kwanza kwa mkono wako, maana mwenye maumivu hatambui kama anaungua. Ndiyo maana mimi hubeba chupa mbili za maji ya moto, moja ya chai na moja isiyoguswa. Baada ya hapo apelekwe hospitali. Naye bunju, yule anayejivimbisha tumbo, watoto humcheka sana. Wamcheke na wamrudishe, asipelekwe jikoni kwa hali yoyote.

Chakula kiwe cha mkono mmoja: mahamri, mayai ya kuchemsha, viazi vya karai. Maji yakisimama, yaani hayajai wala hayapwi, samaki huacha kula, na huo ndio wakati wenu wa kula. Kwa jumla saa tatu zinatosha. Mdogo akishachoka, mwache achezee kamba na ndoo yake, asiambiwe kwamba kaka zake wanavua na yeye hawezi.

Mgeni kutoka Malindi

Naongeza kidogo kwa wanaosoma wakiwa upande wetu. Malindi na Watamu zina hifadhi za taifa za bahari tangu mwaka 1968, na ndani ya hifadhi hizo hairuhusiwi kuvua hata kwa mshipi wa mtoto, kwa hiyo mwulize nahodha mpaka uko wapi kabla hajatia nanga. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huichafua bahari kwa tope, na siku hizo ni bora kubaki pwani. Wageni wengi hufika kwetu Disemba kwa ajili ya sulisuli, nao ni samaki wa kustaajabisha anapojirusha juu ya maji, lakini hao ni wa kutafutwa mbali na kwa subira ndefu. Kwa familia, nakubaliana na Nahodha.

Baba Watatu

Nawashukuru nyote, na binamu yangu nimempa simu ayasome mwenyewe. Nimekata shauri: siku ya wote iwe ya maji mafu, upande wa Manda, na mkubwa atapata asubuhi yake ya nje ya mwamba bahari ikiruhusu. Limebaki moja. Mama yangu ana magoti mabaya na jua humchosha. Nimkatalie?

Nahodha wa Shela

Usimkatalie, chagua chombo. Tafuta mashua pana yenye turubai la kivuli, na upandie kwenye gati lenye ngazi maji yakiwa yamepanda, wala si ufukweni ambako atalazimika kuvuka maji ya magoti. Kwa kuwa siku za maji mafu maji hujaa katikati ya asubuhi, mkiondoka saa mbili au saa mbili na nusu yatakuwa tayari yamepanda vya kutosha, na mtarudi kabla hayajashuka sana. Mpe mto wa kukalia na mshipi wake. Wamama wa rika lake hapa Amu wanajua kuvua kuliko wanavyosema, na usishangae akiwa ndiye wa kwanza kushikiwa. Bei elewaneni kabla ya kupanda, mkitaja saa ya kuondoka, saa ya kurudi na nani ananunua chambo.

Mama wa Mkomani

Na samaki wasiachwe kwenye jua ndani ya ngama. Beba sanduku la barafu, hata dogo, ili waliovuliwa na watoto wafike jikoni wakiwa wazima. Changu wadogo watoe magamba, wapake chumvi, ndimu na pilipili, wachomwe, kisha wamiminiwe nazi nzito. Kila mtoto ale wa kwake. Kwa hiyo mkubwa awakate mkia kwa alama tofauti mapema, ama sivyo mtazozana mezani samaki yupi ni wa nani.