Naomba ushauri: mjomba amekuwa mkimya mno katika makazi ya wazee

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mjomba wangu, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, anayeishi katika makazi ya wazee huko Kanda ya Ziwa kwa sababu hakujaliwa watoto na mkewe alishatangulia mbele ya haki. Chakula na dawa anapata, na wahudumu wanamtunza kwa heshima; kinachonitia hofu ni ukimya wake. Alikuwa msimuliaji hodari, lakini sasa anakula kidogo, halali vizuri, na mara nyingine husahau hata majina yetu. Baadhi ya jamaa wanasema ni uzee tu. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, kwa wazee huweza kufanana na ugonjwa wa kusahau, nayo hutibika ikigunduliwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, ila sisi tumetawanyika Dodoma, Mbeya na Dar es Salaam, na nauli ni nzito. Je, ni bora twende kwa zamu, kila mmoja akae naye kwa utulivu, au twende wote pamoja mara chache? Simu ya siku maalumu kupitia mhudumu humfariji mzee, au humwongezea majonzi inapokatwa? Aidha, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii mlio hapa, tumwombe nani ampime sonona bila yeye kujiona amedhalilishwa, maana ni mtu mwenye haya nyingi?