Fundi wa vipima kina amenidhalilisha mbele ya abiria

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule fundi mnamjua, msijifanye hamumjui: wa pale chini ya mkungu, aliyefunga mashine nusu ya boti za Msasani.

Nimerudi sasa hivi kutoka Fungu Yasini. Maji yanatoka, matumbawe nayaona kwa macho yangu mbele ya omo, kioo cha kipima kina kinaniambia mita 41! Namba inapepesa tu. Nikashusha bildi, lile timazi la kamba, pima mbili (mita tatu na nusu hivi) hazikutimia.

Nikampelekea, tena kwa salamu. Akakigonga kioo kwa kitako cha bisibisi, akaendelea kutafuna muhogo wake, akasema mbele ya abiria wangu: "Mzee, bahari ina kina chake, na mashine ina kina chake."

Ina kina chake! Mashine! Kwa hiyo hela yote ile nimenunua bahari ya pili, ya kwenye kioo?

Nikafungua sakafu mwenyewe. Sensa, ile inayotuma mlio chini na kusikiliza mwangwi, kaibandika kwa ndani, juu ya ubao, na silikoni imejaa mapovu. Mlio wa ile sensa hupita majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, lakini ukikutana na hewa umekwisha, na mbao inaumeza. Boti ya mbao sensa hukaa nje, nyuma tezini, mbali na povu la rafadha, lile panga la injini. Namba ikipepesa, mashine imeshapoteza chini, inakurudishia ya zamani. Halafu mtu anakwambia ina kina chake, mdomoni muhogo! Angemfungia Nuhu, safina ingepanda mwamba mvua haijakatika.

Baharia Mstaafu: Mkuu, una hakika ni mita? Isije ikawa imewekwa futi.

Mleta uzi: MITA! Na hata zingekuwa futi, ni karibu pima saba, palikuwa na mbili! Mbele ya abiria, jamani!

Chota Maji: "Mashine ina kina chake" 😂😂 naichora ubavuni mwa boti yangu kesho.

Kijana wa Kunduchi: Matumbawe unayaona, kioo unakitazamia nini? Wazee walifika Ngazija na bildi tu.

Mpemba Mkavu: Mimi ya faiba, kanifungia huyo huyo. Nikiongeza mwendo namba zinapotea. Sensa iko nyuma ya rafadha kabisa! Akaniambia nipunguze haraka za maisha.

Mleta uzi: Umeona! Na mimi kaniambia ina kina chake!

Mama Ngisi: Afadhali nyie. Yule muuza barafu wa toroli la bluu mbona hamumsemi? Unalipia mfuko, unafika na ndoo ya maji.

Chota Maji: Yule! Juzi kanipa yenye mchanga.

Kijana wa Kunduchi: Mchanga? Yangu ilikuwa na kandambili ndani.

Mama Ngisi: Ya mguu gani? Mwanangu anatafuta ya kushoto.