Skripti ya Git imekwama: tawi na folda vina jina moja

Kijana_Langoni: Assalamu alaikum. Ratiba za boti za Mokowe, Shela na Matondoni nazitunza kwa Git (programu inayoweka historia ya mabadiliko ya faili), na skripti (faili la amri zinazojiendesha) hunitolea mabadiliko kila usiku. Tangu nifungue folda ya mokowe, `git log mokowe` inagoma, kwa sababu lipo pia tawi (mkondo wa mabadiliko ndani ya Git) lenye jina hilo. Nibadilishe jina la tawi?

Fundi_Mkomani: Waalaikumu salaam, mwanangu. Jina liache. Git haitaki kubahatisha, na ni vizuri hivyo. Tumia vistari viwili: `git log mokowe --` ni tawi, `git log -- mokowe` ni folda. Kwenye skripti viweke hata pale unapoona havihitajiki, maana hujui kesho nani atafungua faili la jina gani. Na kama jina linaandikwa na mtu mwingine, huenda likaanza na kistari na Git ikalidhania chaguo la amri, litangulizie `--end-of-options`.

Kijana_Langoni: Imekubali, shukran sana mzee wangu. Na `git add *.txt` mbona inaacha faili za ndani ya folda?

Fundi_Mkomani: Hiyo nyota, bash (programu inayopokea amri unazoandika) imeshaigeuza majina ya faili za folda uliyomo kabla Git haijaiona. Ifunge kwa alama za nukuu, `git add '*.txt'`, Git itafute yenyewe mpaka ndani.

Mpwani_Malindi: Naongeza: chaguo usizifupishe kwenye skripti. Kwenye `git commit`, `--amen` inapokelewa kama `--amend`, lakini likija toleo lenye chaguo jingine linaloanza hivyo, skripti itakatika.